Petroli ya Oktani ya Juu Haipatikani Vituoni: Nani Amwambie Mnunuzi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa masuali yanayotufikia kutoka kwa vijana wa Unguja na Pemba, limo moja ambalo linaanzia kwa fundi na kuishia kwa kadhi. Muulizaji amenunua gari iliyotumika kutoka Japan. Ndani ya kifuniko cha tangi pana karatasi ya maandishi ya Kijapani ambayo hajapata mtu wa kumsomea. Baada ya muda gari inapungua nguvu, ikibeba abiria watano inatoa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, na mafuta yanakwisha mapema kuliko alivyoambiwa. Fundi anamwambia: gari hii inataka petroli ya oktani ya juu. Anazunguka vituoni, na kila pahala jibu ni moja: petroli tuliyonayo ni hii tu.

Hapo huja masuali matatu. Je, aliyeniuzia gari ana dhambi au ana dhamana? Je, mwenye kituo anafanya makosa kutoiweka petroli hiyo? Na mimi nifanye nini na gari ambayo ndiyo riziki yangu? Tumeona tuyajibu kwa pamoja. Lakini wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukielewa kitu chenyewe. Kwa hiyo tuanze na mafuta, kisha tuje kwenye hukumu.

Oktani si ukali wa mafuta

Watu wengi mitaani wanadhani petroli ya oktani ya juu ni petroli "kali", yenye nguvu zaidi. Sivyo. Oktani ni kipimo cha ustahamilivu wa petroli: inaweza kukandamizwa kiasi gani ndani ya silinda bila ya kuwaka yenyewe kabla ya wakati wake.

Ndani ya injini, hewa na petroli huchanganywa, hukandamizwa na pistoni, halafu plagi hutoa cheche na mchanganyiko ukawaka kwa mpangilio. Petroli isiyostahamili mgandamizo huo hulipuka sehemu kabla moto wa plagi haujaifikia. Mripuko huo ndio unaosababisha ule mlio wa kugonga. Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya vimiminika viwili: iso-oktani, iliyopewa namba 100 kwa sababu inastahamili sana, na heptani, iliyopewa 0 kwa sababu haistahamili. Petroli ya namba 95 ni ile inayostahamili sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani.

Kwa hivyo injini yenye mgandamizo wa kawaida haipati faida kubwa kwa kutiwa petroli ya namba ya juu. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye tabo inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, ndiyo inayoihitaji. Ikikosa, gari za kisasa zina kihisio kinachosikia mgongano na kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Injini inanusurika, lakini nguvu hupungua na ulaji wa mafuta huongezeka. Gari kuukuu zisizo na kinga hiyo, au zile ambazo kihisio kimekufa, huendelea kugonga mpaka pistoni zikaharibika.

Jambo jengine linalochanganya ni kuwa namba hazisomwi kwa njia moja duniani. Japan, Ghuba, Ulaya na kwetu hutumika kipimo kiitwacho RON. Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili, na namba yake hutoka ndogo. Petroli ya 87 ya Marekani inakaribiana na 91 ya huku, na 91 ya kule inakaribiana na 95 au 96 ya huku. Mwenye jamaa huko asije akasoma kitabu cha gari ya Marekani kwa macho ya Dubai.

Kwa nini gari za Japan zimeleta suali hili

Gari nyingi zinazoshuka bandarini kwetu zimetumika Japan kwanza. Huko kituo cha mafuta kina petroli za aina mbili. Ya kawaida, ambayo kiwango chao cha taifa kinataka isipungue 89, na ya daraja la juu, wanayoiita haioku, isiyopungua 96. Mipira ya pampu hutofautishwa kwa rangi: nyekundu kwa ya kawaida na manjano kwa haioku. Mjapani anayemiliki gari ya haioku haimchukui dakika kuchagua. Gari ileile ikivuka bahari, mwenye nayo mpya hana cha kuchagua.

Hata hivyo ni vyema tusitiane khofu. Gari ndogo zilizojaa barabarani mwetu, mfano wa Toyota Vitz na IST, na za familia kama Noah, zilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japan. Bodaboda nazo mgandamizo wake si mkubwa. Wenye vyombo hivyo hawana haja ya kuhangaika. Suali hili linawahusu hasa wenye gari za tabo kama Subaru Forester za aina hiyo, gari nyingi za Ujerumani kama BMW, na baadhi ya gari kubwa za kifahari ambazo vijana wetu wa utalii huzipenda kwa kubebea wageni kutoka uwanja wa ndege hadi Nungwi au Paje.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kijana aliyenunua Vitz ya kwendea kazini hakuathirika. Aliyeathirika ni yule aliyeuza kiwanja au kuchangiwa na ndugu, akanunua gari kubwa ili ajiajiri, na sasa kila safari ya mgeni inamlia mafuta na kumlia injini. Huyo akiharibikiwa, linaloanguka ni pato la nyumba nzima.

Kwa nini vituoni kuna petroli ya aina moja

Kuna wanaosema kwamba wenye vituo wanaificha petroli nzuri. Haya ni maneno ya kutahadhari nayo, kwani dhana mbaya nayo ni dhambi. Sababu zinazoonekana ni za kibiashara na za kimpangilio.

Kwanza, mafuta ya Tanzania huagizwa kwa pamoja. Bara kuna mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa Serikali, PBPA, na meli huleta shehena kubwa ya petroli ya sifa moja ambayo kampuni nyingi hugawana. Bei za Zanzibar nazo hukokotolewa kwa kuangalia gharama za kuingiza mafuta Dar es Salaam, kisha ikaongezwa gharama ya kuyavusha. Mfumo huu una kheri yake, kwani shehena kubwa hushusha gharama kwa lita. Lakini una sharti lake: wote mnywe kisima kimoja.

Pili, petroli ya daraja la pili inahitaji matangi yake kwenye ghala, gari lake la kusambazia au chumba chake ndani ya gari hilo, tangi lake chini ya kituo na pampu yake juu. Huwezi kuimimina katika tangi la petroli ya kawaida halafu ukaendelea kuiita ya juu.

Tatu, soko letu ni dogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na wenye gari zinazohitaji mafuta hayo ni wachache miongoni mwao. Petroli nayo haidumu kama dizeli. Ikikaa muda mrefu tangini huanza kuharibika. Mfanyabiashara anaogopa kununua bidhaa itakayomlalia.

Nne, na hii ndiyo inayosahauliwa, bei ya mafuta kwetu ina kikomo. ZURA hutangaza kila mwezi bei za petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ya ndege. Petroli ni mstari mmoja katika tangazo hilo. Mfanyabiashara akileta petroli iliyomgharimu zaidi, ataiuza kwa mstari upi? Akiuza kwa bei ya kikomo atapata hasara, akizidisha atakuwa amevunja sheria. Matokeo yake haleti kabisa. Nairobi, kwa mfano, baadhi ya vituo huuza petroli ya daraja la juu pembeni ya ile ya kawaida kwa bei kubwa zaidi. Imarati vituo vina 91, 95 na 98, na Oman mtu huchagua 91 au 95. Jamaa zetu walioko Muscat na Dubai hawalijui tatizo hili, kwa sababu huko kila daraja lina bei yake inayojulikana.

Je, huu ni uhodhi?

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kuna upungufu wa mafuta yenyewe, na kuna kukosekana kwa daraja moja la mafuta.

Upungufu wa kwanza tumeuona. Mwaka 2023, bei zilipokuwa zikipanda, EWURA huko Bara ilivifungia baadhi ya vituo kwa kosa la kuficha mafuta. Jambo hilo linaingia katika mlango wa ihtikar, uhodhi wa bidhaa ili bei ipande. Imam Muslim amepokea Hadithi ya Ma'mar bin Abdillah ambayo maana yake ni kuwa hahodhi ila mwenye kukosea. Ni kweli kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wengi wao wameuhusisha uhodhi wa haramu na vyakula. Lakini Imam Malik, na Abu Yusuf katika Mahanafi, wameuona katika kila ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Na leo gari ya samaki, ambulensi na boti ya mvuvi zote zinategemea petroli. Rai hii ndiyo tunayoiona iko karibu zaidi na maslahi ya watu wa zama zetu.

Ama mwenye kituo ambaye hakuleta kabisa petroli ya oktani ya juu, huyo si mhodhi. Hakuzuia alichonacho. Sheria haimlazimishi mfanyabiashara kuuza kila bidhaa inayohitajiwa na kila mteja. Wajibu wake ni mwengine: auze alichokitaja, kwa kipimo kilicho sawa, na bila ya kuchanganya. Anayeuliza kama anapata dhambi kwa kutokuleta, jibu letu ni kuwa hapati.

Mafuta ya taa ndani ya petroli

Lakini akiuza petroli iliyotiwa mafuta ya taa, hapo jambo limebadilika. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana. Kiasi kidogo tu kikiingia katika petroli, namba yake hushuka, moshi huongezeka, na sehemu isiyoungua huteremka na kuilainisha oili ya injini mpaka ikashindwa kazi yake. Kwa hiyo hata gari iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida huanza kugonga. Mwenye gari akilalamika kuwa hapati oktani ya juu, huenda kinachomkosa ni oktani ile ile ya kawaida aliyoilipia.

Udanganyifu huu ulishamiri Tanzania wakati kodi ya mafuta ya taa ilipokuwa chini sana kuliko ya petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachanganyaji, na mwaka 2011 Serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Gharama ya hatua hiyo waliilipa maskini waliokuwa wakiwashia taa na kupikia. Tulitafakari jambo hili: ghishi ya wachache hupandisha bei ya taa ya mjane. Ndiyo maana Uislamu haukuichukulia ghishi kuwa ni jambo la watu wawili tu.

Kisa cha Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) na rundo la chakula sokoni kinajulikana, na kimo katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Alitia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke juu ili watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika njia yake. Tuzingatie kwamba Mtume hakumkataza kuuza chakula kilicholowa. Alimkataza kukificha. Tangi la petroli lipo chini ya ardhi na mkono wa mnunuzi hauwezi kulifikia. Kwa sababu hiyo amana ya mwenye kituo ni nzito kuliko ya muuza nafaka.

Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaouza petroli ya chupa na vidumu vijijini. Tunajua wanasaidia palipo mbali na kituo. Lakini chupa ya lita isiyojaa lita ni upunjaji, na Suratul Mutaffifin imeteremshwa kuwaonya wapunjaji.

Dawa za chupa

Kwa kuwa petroli ya juu haipo, limezuka soko la dawa za kuongeza oktani. Baadhi ya dawa hizo kweli huongeza, lakini kwa kiasi kidogo. Tangazo la kuongeza "pointi 5" mara nyengine lina maana ya nusu ya namba moja tu, kwa kuwa wao huhesabu kila sehemu ya kumi ya namba kuwa pointi. Nyengine zina madini ya manganizi ambayo huacha rangi nyekundu ya kutu kwenye plagi na, yakitumika sana, huziharibu. Wapo wanaotia tina ya rangi. Tina inayouzwa madukani ni mchanganyiko usiojulikana vipimo vyake. Inakula mipira ya mfumo wa mafuta na mvuke wake ni hatari kwa anayeimimina.

Wengine huuliza juu ya petroli ya ndege ndogo. Hiyo kwa kawaida ina risasi. Dunia ilianza kutia risasi katika petroli ya gari mwaka 1923 ili kupandisha oktani kwa bei rahisi, na ikachukua karibu miaka mia kuachana nayo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha ilipofika 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Sababu yake ni kuwa risasi huingia katika damu na kuathiri akili za watoto. Vilevile huua masega ya gari na vihisio vyake. Kuirudisha barabarani kwa mlango wa nyuma ni kuwadhuru watu, na madhara hayaruhusiwi, iwe kuanzisha au kulipiza.

Muuzaji wa gari na dalali wake

Tunafika kwenye suali zito kuliko yote. Anayeuza gari ya oktani ya juu hapa Zanzibar, huku akijua kuwa petroli yake haipo, analazimika kusema?

Jibu letu ni ndiyo. Katika Hadithi ya Uqba bin Amir aliyoipokea Ibn Majah, imeelezwa kuwa si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Na katika Hadithi ya Hakim bin Hizam, baraka ya biashara imefungamanishwa na wawili hao kusema kweli na kubainisha, na kufutika kwake na kuficha na kusema uongo.

Huenda muuzaji akasema: gari yangu haina kasoro, kasoro iko kwenye vituo. Hoja hii ina sura ya haki, kwani kasoro katika fiqhi ni ile iliyomo katika bidhaa yenyewe na kupunguza thamani au makusudio yake. Kwa hiyo sisi tunatenganisha hali tatu.

Hali ya kwanza: injini ni nzima, ila inahitaji mafuta yasiyopatikana. Hapa kubainisha ni wajibu wa nasiha, na aliyenyamaza kwa makusudi amepata dhambi ya kumficha nduguye. Ama haki ya kurudisha gari, ni jambo la kuangaliwa na kadhi kulingana na mapatano yao. Ikiwa mnunuzi aliuliza, au alishurutisha gari ya petroli ya kawaida, akajibiwa uongo, basi haki yake iko wazi.

Hali ya pili: injini imeshaharibika kwa kugonga, na muuzaji anajua. Hiyo ni kasoro bila ya shaka, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha.

Hali ya tatu: muuzaji amebandua karatasi ya kwenye kifuniko, au siku ya majaribio ametia dawa na oili nzito ili mlio usisikike. Huyu amefanya kama mwenye kumfunga chuchu mnyama wa maziwa siku kadhaa ili kiwele kijae mbele ya mnunuzi, jambo ambalo Mtume amelikataza na akampa mnunuzi haki ya kuchagua.

Katika yadi nyingi huandikwa kuwa gari inauzwa kama ilivyo, na hairudishwi. Wengine wanadhani sentensi hiyo inafuta kila kitu. Rai iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu, na imo katika al-Minhaj ya Imam an-Nawawi inayosomeshwa misikitini mwetu, ni kuwa sharti la kujivua dhamana linamsaidia muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si katika vitu vyengine. Gari si mnyama. Na alichokijua akakificha, hakuna karatasi inayomsafisha.

Na mnunuzi naye ajue mpaka wa haki yake. Khiyari ya kasoro kwetu ni ya papo hapo. Ukigundua kasoro, acha kuitumia gari na umjulishe muuzaji bila ya kuchelewa. Ukiendelea kubebea wageni miezi mitatu ndipo ukadai, umeonesha kuridhika. Na ikiwa kasoro nyengine imezuka mikononi mwako kabla ya kugundua ile ya zamani, humlazimishi kuipokea gari; unachodai ni fidia ya upungufu, au mpatane.

Dalali aliyejua akanyamaza ili apate ujira wake, asidhani yuko nje. Amesaidia kuficha.

Mwenye gari afanye nini sasa

Kwanza, ijue gari yako. Mpe mtu anayejua Kijapani, au piga picha karatasi ile na uisome kwa programu ya simu ya kutafsiri. Tofautisha baina ya "inalazimika" na "inapendekezwa". Nyingi zilizopendekezewa oktani ya juu hutembea salama kwa ya kawaida, ila kwa nguvu pungufu kidogo.

Pili, kama ni lazima, punguza mzigo, usikanyage mafuta kwa ghafla katika gia kubwa, hakikisha mfumo wa kupoza maji ni mzima na plagi ni za kiwango cha gari hiyo. Mwambie fundi akague kihisio cha mgongano. Gari ya tabo iliyoongezwa msukumo irudishwe kwenye kiwango chake cha asili.

Tatu, usilipie usichokihitaji. Hata petroli ya juu ikija, mwenye Vitz hana haja nayo. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 300 kwa lita, na wewe unatumia lita 40 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa wiki, na shilingi 624,000 kwa mwaka, kwa faida usiyoiona. Kutapanya mali kumekatazwa hata kama ni ndani ya tangi la gari.

Nne, ambaye hajanunua bado, aulize kabla ya kulipa. Suali la "inatumia petroli gani?" liwe sawa na suali la "imetembea kilomita ngapi?"

Yaliyo mikononi mwa wenye mamlaka

Hatuwatwishi viongozi lawama, ila tunatoa nasiha kwa mambo matatu yaliyo mepesi.

La kwanza ni namba ya oktani kuandikwa kwenye pampu. Marekani kila pampu ya petroli hulazimika kuwa na kibandiko cha namba hiyo. Kila shehena ya petroli huja na cheti cha ubora, na namba imo ndani yake. Kuihamisha namba kutoka kwenye cheti hadi kwenye pampu hakuhitaji matangi mapya wala meli mpya. Kutamsaidia mnunuzi, na kutamlinda mwenye kituo mkweli asichanganywe na mchanganyaji.

La pili ni ZURA kufikiria mstari wa pili katika bei zake kwa petroli ya daraja la juu, ili anayetaka kuileta apate njia ya halali. Tunajua kuwa suala la Serikali kupanga bei lina maneno. Anas (Radhiya Allahu anhu) amepokea kuwa bei zilipopanda Madina, Mtume aliombwa azipange akakataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake huku yupo wa kumdai dhulma. Mashafi wameshikamana na katazo hilo. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa kupanga bei kunakowadhulumu wauzaji ndiko kulikokatazwa, na kunakozuia wauzaji wasiwadhulumu watu huruhusika, bali huenda kukawajibika. Kwa rai yoyote utakayoishika, bei moja kwa bidhaa mbili zenye gharama tofauti haikamiliki kuwa uadilifu. Kituo kimoja au viwili Mjini, na kimoja Chake Chake, vingeweza kutosha kwa kuanzia.

La tatu ni kuwa gari inapokaguliwa kuingia nchini, aina ya petroli yake iandikwe katika karatasi zake kwa Kiswahili. Mstari mmoja wa wino ungeondoa ugomvi mwingi unaofikishwa mbele ya masheikh na makadhi.

Mpaka hayo yatimie, mwenye kujua anabaki na wajibu wa kumwambia asiyejua. Fundi aliyeisoma karatasi amwambie mteja. Dalali amwambie mnunuzi. Mwenye kituo akiulizwa oktani ya mafuta yake asiseme kwa kubahatisha, bali aangalie cheti. Neno moja la kweli kabla ya malipo lina thamani kuliko kesi ya mwaka mzima baada yake.

Tunamuomba Allah awabariki wafanyabiashara wetu wakweli, awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na azisalimishe roho na vyombo vyetu barabarani na baharini. Amin.

Wallahu a'lam.